Mahali pa Kulia Chakula

Katika basi la chuo kikuu, nyuma yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mama wa usafi, tayari amevaa aproni, na kijana mchoraji wa majengo aliyekumbatia ramani zake kama mtoto mchanga.

"Lile jengo jipya la mihadhara nimelichora mimi," kijana alisema, wala hakuulizwa. "Kila ghorofa wanafunzi wana makochi ya kupumzikia. Unalionaje, mama?"

"Zuri, mwanangu. Nalipiga deki mwaka wa pili sasa. Ila chakula cha mchana tunakulia chooni."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kijana naye alidhani hivyo hivyo. "Chooni?"

"Kile kikubwa cha chini, cha wenye viti vya magurudumu. Tunaingia wanne, tunafunga mlango, tunakalia ndoo. Mtu akigonga, tunatoka na mabakuli yetu."

"Jamani! Si mkae kwenye makochi?"

"Tulikaa siku moja. Msimamizi akatufukuza, eti tunaharibu sura ya jengo."

Kijana akakunjua ramani magotini, kidole kikapita chumba hadi chumba. Niligeuka nikachungulia: hata mashine ya kahawa ilikuwa na chumba chake.

"Hakuna aliyeniambia kuwa mpo," alisema kwa sauti ndogo.

"Hukuambiwa? Ofisini kwako anafagia nani?"

Basi likasimama. Mama akamuaga vizuri tu, akashuka kwenda kazini.