Gauni Linaloishia Magotini

Wafiwa, majirani, wasusi, mafundi cherehani, na nyinyi akina mama ambao vichwa vyenu vimepita mikononi mwake, mliopata viti kaeni na mliokosa vumilieni, kwa maana huyu tunayemsindikiza leo alisimama miaka arobaini na hatukumsikia akinung'unika, na familia imeagiza historia yake isomwe polepole bila kuruka kitu, hata pale ambapo mwenye aibu angeruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1965, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, na shangazi yake, ambaye tunaye hapa na ambaye hapendi kupingwa, anasema mtoto huyu hakutambaa hata siku moja, alishuka tu kitandani asubuhi moja, akasimama, akakataa kukaa, ndipo akaitwa Wima, jina lililokua naye mpaka likawa Bi Wima, na leo ukiuliza jina lake la cheti hapa mtaani utaonekana mgeni.

Alianza shule ya msingi Januari 1973, akamaliza darasa la saba mwaka 1979, akaingia sekondari na kuishia kidato cha pili mwaka 1981, baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa na mkono ukakataa randa, na tangu hapo elimu yake aliipata vidoleni, kwa maana kukigawa kichwa cha mtu mistari iliyonyooka kama reli, huku mwenye kichwa anasinzia na kuyumba, si kazi ya mtu aliyelala darasani.

Machi 1982 aliajiriwa katika saluni yenye viti viwili na kioo chenye ufa, akaja kuinunua saluni yenyewe pamoja na ufa wake, na sifa zake zilivuka mito, wanasema siku moja alimsuka bibi harusi umeme umekatika, mama mkwe ameshika tochi kwa meno, na bibi harusi alipoamka na kujitazama aliomba radhi akidhani amekaa mbele ya kioo cha mtu mwingine, na asiyeamini akamuulize huyo mama mkwe, pengo la jino lipo.

Ukuta mmoja na saluni hiyo palikuwa na chumba cha kushonea, na ndani yake kijana mpole ambaye sote tunamwita Fundi, mwenye mkono mzuri na ugonjwa mmoja wa mafundi wote duniani, wa kusema njoo kesho, basi Bi Wima alimpelekea kitambaa, akaambiwa kesho, akarudi, akaambiwa kesho, mpaka mwezi wa tatu akaweka mkono kiunoni na kusema, "Fundi, kwa hiyo kesho yako, nihamie hapa hapa nisubiri?" na Fundi bila kuinua macho kwenye sindano akajibu, "Hamia," wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na nguo yenyewe ikaisha mwaka uliofuata.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa 1989 ambaye ni muuguzi, kijana wa 1992 ambaye ni dereva, na kitinda mimba wa 1996, na ni baada ya mimba ya pili ndipo mishipa ilipoanza kujitokeza miguuni mwa marehemu, kwanza nyuma ya magoti, myembamba kama utando wa buibui, kisha ikavimba na kujipinda kama kamba zilizosahauliwa chini ya ngozi, jioni miguu inawaka na kujaa, naye aliona aibu ambayo hakumwambia mtu isipokuwa Fundi, na wala hakumwambia kwa maneno, alimpa tu gauni na kusema, "Shusha kidogo."

Fundi akashusha, na kila mishipa ilipoteremka pindo nalo liliteremka, mwaka huu kidole kimoja, mwaka ule viwili, mpaka gauni likafagia sakafu pamoja na nywele, wateja wakamtania, "Bi Wima, siku hizi umekuwa mtawa?" naye akicheka, na upande wa pili wa ukuta Fundi aliyasikia yote, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asiyasikie, kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kilichofunikwa na sindano yake.

Tarehe 14 Februari 2022 binti muuguzi, aliyeiona miguu ile imejaa jioni moja, alimchukua mama yake kwa mabavu ya upendo mpaka kwa daktari wa mishipa, akapimwa kwa mashine ya kuona damu inavyokwenda, ikaonekana milango midogo ndani ya mishipa imelegea, damu inayotakiwa kupanda inarudi chini na kutuama, na Fundi, rangi imemtoka, akauliza, "Daktari, ukiuziba huo mshipa, damu ya mke wangu itapita wapi?" daktari akamweleza kwamba damu haikosi njia, mishipa ya ndani iliyo mizima hubeba mzigo, basi wakampiga ganzi, wakapitisha waya mwembamba wa leza wakauchoma mshipa kwa ndani ukajifunga, siku nyingine wakaichoma sindano za dawa ile mishipa midogo kama utando wa buibui ikanyauka, akavishwa soksi za kubana, akaambiwa aende nyumbani kwa miguu yake.

Hapo Fundi alifanya kosa la mtu anayependa, alimlaza mkewe kitandani, akapanga mito mitatu, akaficha viatu juu ya kabati, na jioni binti alipoingia akapiga kelele, "Baba, umemlaza? Dawa yake ni kutembea!" Fundi akasema, "Tangu lini mgonjwa akatembezwa?" na Bi Wima kule kitandani akasema, "Mwanangu, nimefungwa bila kesi," basi viatu vikashushwa, na kuanzia siku hiyo wawili hawa, ambao mmoja alishinda amekaa na mwingine amesimama maisha yote, wakaanza kutembea pamoja kila jioni mpaka kwenye taa ya njia panda na kurudi, bega kwa bega kama wachumba.

Miguu ilipopona ikawa laini, Bi Wima akaleta kitambaa cha bluu chenye maua meupe, akasema anataka gauni linaloishia magotini, na Fundi akasema kesho, lakini safari hii haikuwa uvivu, daktari alikuwa ametaja kwamba mishipa mingine huweza kujitokeza baadaye, na Fundi akaogopa kukata, maana kitambaa ukishakikata hakirudi, akataka mwaka upite kwanza ahakikishe, na kila mkewe alipouliza, "Na mimi pia ni mteja?" alijibu kesho na kukunja kitambaa upya.

Januari 2023 macho ya marehemu yaligeuka manjano, tumbo likauma mpaka mgongoni, akalazwa wodini, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa na wapo wanaonong'ona kwamba leza ndiyo iliyomuua, familia inasema wazi kwamba daktari alimhakikishia Fundi kuwa miguu haikuhusika, miguu ndiyo iliyobaki mizima mpaka mwisho.

Siku waliyopewa majibu hayo Fundi alipita moja kwa moja kwenye cherehani, akakata kitambaa bila kupima mara mbili, akashona akilia, na kesho yake, kesho ya kweli, Bi Wima alilivaa, akatembea nalo kwenye korido ya wodi mpaka dirishani, wauguzi wakampigia vigelegele, kisha mwili ukaanza kwisha, Fundi akapunguza kiuno, mwili ukaisha tena, akapunguza tena pale pale kando ya kitanda, na mara ya tatu mkewe akamshika mkono wenye sindano na kusema, "Punguza kote, Fundi, ila pindo usiliguse."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2023 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minane, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, daktari wa mishipa aliyempa jioni zile za kutembea, majirani waliopika na kuteka maji, na wasusi waliofunga saluni zao kutwa ya leo, na mwisho tunamshukuru shangazi, ambaye asubuhi hii alileta shuka jeupe akisema si heshima mtu mzima kuzikwa miguu wazi, na Fundi, asiyewahi kumpinga mtu, akasimama mlangoni akasema, "Shangazi, nimemfunika miaka thelathini, inatosha," shangazi akaitazama ile miguu, akaipapasa, akalikunja shuka lake, na kwa mkono wake mwenyewe akalinyoosha gauni magotini.

Ulisimama vya kutosha, Bi Wima, leo sisi ndio tuliosimama, pumzika kwa amani.