Nitukane Jumamosi

SOUKEYNA: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

BIRAME: Diop!

SOUKEYNA: Nani anayeniita— Ndiaye? Birame Ndiaye?

BIRAME: Diop! Diop! Upo?

SOUKEYNA: Nipo hapahapa. Ndiaye! Ndiaye! Umeshindaje?

BIRAME: Salama, alhamdulilahi. Nyumbani?

SOUKEYNA: Wazima. Mkeo?

BIRAME: Anakusalimu. Dukani?

SOUKEYNA: Duka limesimama, na mimi nimesimama nalo, miguu imevimba. Sasa niambie, simu hii umeiiba wapi?

BIRAME: Ya mke wangu. Ningepiga na yangu ungepokea?

SOUKEYNA: Nisingepokea. Ndiaye akipiga saa ya chakula, ujue amesikia harufu ya wali wa samaki kutoka Medina mpaka huku Sicap.

BIRAME: Wali wa kina Diop nani ataula, mtani? Nyinyi mnaanza kuchota sufuria ikiwa motoni. Ukifika unakuta ukoko na— [mkwaruzo]

SOUKEYNA: Na nini? Unakatikakatika. Uko wapi?

BIRAME: Juu ya paa.

SOUKEYNA: Paani mchana huu wa jua? Na nani huyo anayekohoa hapo?

BIRAME: Kondoo. Wa Tabaski, Idi ya kuchinja.

SOUKEYNA: Aa. Nilidhani ndugu zako wamekuja kukutembelea.

BIRAME: [anacheka] Mungu akusamehe.

SOUKEYNA: Mwanaume mwenye butiki ya vioo, viyoyozi viwili, sanamu za nguo kumi na mbili mlangoni, anapanda paani kwa kondoo kupiga simu! Unamkimbia nani?

BIRAME: Simkimbii mtu. Mafundi wangu wana masikio marefu, basi. Diop, Jumamosi una kazi?

SOUKEYNA: Jumamosi? Jumamosi hakuna mwenye butiki Dakar atakayefungua. Tunakuja kukutazama wewe. Asubuhi nimepita kwenye bango lako. Sura imejaa ukuta mzima! "Fundi Asiyetumia Chaki." Walikupaka poda, sema kweli.

BIRAME: Kidogo tu. Ni Laye, mwenye onyesho, aliyeng'ang'ania.

SOUKEYNA: Nimecheka mpaka dereva wa teksi akanigeukia. Lakini yule Laye namvulia kofia. Na butiki yake ya Plateau yenye shati tatu ukutani na ua kwenye chupa, nilimwona mtoto wa maringo tu. Kumbe ana kichwa. Onyesho zima la mavazi ya kiume, vijana na suruali zao za kubana, halafu katikati anapanda mzee mzima, anakunja kitambaa cheupe cha bazini, anakata shingo ya kanzu pana mbele ya watu mia tano. Bila chaki, bila rula, mkato mmoja. Nimeshawaambia wateja wangu—

BIRAME: Ndilo nililokupigia.

SOUKEYNA: Unataka nije kukupigia vigelegele. Nitakuja, ila nitakaa nyuma, nisionekane nashangilia Ndiaye.

BIRAME: Nataka upande wewe. Badala yangu.

SOUKEYNA: Rudia. Mtandao umeniruka.

BIRAME: Mtandao haujaruka kitu. Panda wewe.

SOUKEYNA: Ndiaye anampa Diop jukwaa? Una homa?

BIRAME: Nina safari. Touba. Mambo ya familia.

SOUKEYNA: Familia ipi? Juzi nimemkuta mkeo soko la HLM, anachagua lesi ya kuvaa Jumamosi. Yeye hana habari ya Touba.

BIRAME: Sijamwambia bado.

SOUKEYNA: Na simu yake umechukua ukiwa hujamwambia?

BIRAME: Diop, mbona unanihoji kama karani wa mahakama? Utapanda au hupandi?

SOUKEYNA: Sipandi. Bango lina sura yako. Wanakuja wenye maduka kutoka Abidjan na Bamako, wamelipa nauli kuja kuona mkono wako. Usipotokea watasema nini?

BIRAME: Watasema Birame anaumwa.

SOUKEYNA: Na kesho yake watauliza anaumwa nini.

[Kondoo analia.]

SOUKEYNA: Ndiaye?

BIRAME: Nipo.

SOUKEYNA: Mwezi uliopita alikuja kwangu mteja wako. Yule wakili mrefu, Sarr. Kabeba kanzu yake ya kijani kwenye mfuko, anatazama nyuma kama kaiba.

BIRAME: Sarr alikuja kwako? Kufanya nini?

SOUKEYNA: Shingo inamkaba. Aliona haya kukurudishia.

BIRAME: Kile kitambaa kilikuwa kibovu. Nilimwambia tangu mwanzo, kile kitambaa—

SOUKEYNA: Kitambaa kizuri sana. Nikaigeuza ndani nje. Nikaona alama za chaki.

BIRAME: Fundi wangu mmoja, huwa ana—

SOUKEYNA: Na mkasi ulisimama mara tatu. Kwenye shingo, Ndiaye. Mara tatu.

BIRAME: [polepole] Ukamwambia nini?

SOUKEYNA: Nilimwambia amenenepa.

BIRAME: Sarr? Yule mwembamba kama sindano?

SOUKEYNA: Na akaamini! Nasikia siku hizi anakimbia ufukweni kila alfajiri.

BIRAME: [anacheka, cheko linakatika] Na wengine? Ulimwambia nani mwingine?

SOUKEYNA: Niliitengeneza shingo nikamrudishia kanzu yake. Nimwambie nani? Ningetaka kutangaza, ungekuwa umeshasikia. Mdomo wangu unaujua.

BIRAME: Naujua. Unafika Saint-Louis bila nauli.

SOUKEYNA: Basi nikuulize kitu kimoja, usinikasirikie. Siku hizi bilauri ya chai unashika kwa mkono gani?

[Upepo kwenye simu.]

BIRAME: Wa kushoto.

SOUKEYNA: Mbele za watu?

BIRAME: Mbele za watu sinywi chai.

SOUKEYNA: Lahaula. [anashusha pumzi] Tangu lini?

BIRAME: Tangu Ramadhani. Mwanzo kilitetemeka kidole kimoja tu. Nikasema uchovu.

SOUKEYNA: Umekwenda hospitali?

BIRAME: Nimekwenda.

SOUKEYNA: Wakasemaje?

BIRAME: Nipunguze kahawa.

SOUKEYNA: Ni hilo tu?

BIRAME: Walisema na mengine. [mkwaruzo] Diop, usinyamaze hivyo. Ukinyamaza wewe mimi naogopa. Sema hata upuuzi.

SOUKEYNA: Nafikiri. Sisi kina Diop huwa tunafikiri, nyinyi hamna habari na jambo hilo.

BIRAME: Haya. Afadhali.

SOUKEYNA: Sikiliza. Touba huendi. Utavaa kanzu yako ya buluu, ile uliyonirusha nayo roho mwaka juzi. Utapanda jukwaani. Utakunja bazini yako na kuishikashika, uwaringie watu kama kawaida yako. Kukunja unaweza?

BIRAME: Kukunja naweza. Kitambaa kinanificha. Mkasi ndio unaonisema.

SOUKEYNA: Basi mkasi utauinua tu. Juu, mara moja, watu wauone. Kabla haujashuka mimi nitasimama kule nyuma nipige ukelele: "Ngojeni! Nani kampa Ndiaye mkasi?"

BIRAME: Diop—

SOUKEYNA: Sijamaliza. Nitapita katikati ya viti na viatu vyangu vya kisigino, ko, ko, ko. Nitapanda. Nitakunyang'anya. Nitawaambia jamani, huyu mtumwa wa babu zangu hajui kukata hata kucha, bazini ya watu ataiharibu, mpeni sahani ya wali akae pembeni!

BIRAME: [anacheka] Watu watapasuka mbavu.

SOUKEYNA: Watapasuka! Diop kumvamia Ndiaye, nani atauliza kwa nini? Mtani ni mtani. Hata polisi aliyepo mlangoni atacheka. Laye atadhani tumempambia onyesho. Wewe utakaa kwenye kiti, uniwekee mguu juu ya mguu, unikosoe kwa mdomo. "Inua kiwiko, Diop. Unapinda, Diop." Mimi nitakata.

BIRAME: Bila chaki?

SOUKEYNA: Bila chaki. Nani alinifundisha?

BIRAME: Si mimi. Fundi wetu Mzee Gora ndiye—

SOUKEYNA: Mzee Gora alinipa ufagio! Kwake mwanamke hakati kanzu ya mwanaume, wateja wakijua wanakimbia. Ni wewe uliyeniachia meza yako akishakwenda msikitini. Miaka miwili, Ndiaye, mawaziri wamevaa kanzu zilizokatwa na mimi, wanakusifu wewe. Ulimwambia nani?

BIRAME: Ningemwambia nani? Zilikuwa nzuri. Nilipenda sifa.

SOUKEYNA: Mwongo. Siku ulipoona nimeiva, ukawaambia wote kuwa mkataji ni mimi, mzee akakufukuza.

BIRAME: Alinifukuza kwa sababu ya kula wali wake.

SOUKEYNA: [anacheka] Na hilo pia.

BIRAME: Sawa. Jumamosi itapita. Na Jumapili? Wateja hawaishi, Diop. Wale wa Abidjan watakuja butikini, watasema, haya mzee, tukatie.

SOUKEYNA: Utawaambia umesusa.

BIRAME: Nimesusa nini?

SOUKEYNA: Umesusa mkasi! Diop amekudhalilisha mbele ya watu mia tano, hugusi mkasi tena mpaka aje akuombe radhi kwa magoti. Mafundi wako watakata, wewe utasimama nyuma yao na jicho lako na mdomo wako. Jicho halina ugonjwa, au?

BIRAME: Jicho zima.

SOUKEYNA: Basi. Na mimi siombi radhi. Nitakataa kila mwaka. Laye atakuja na wazee kutupatanisha, nitawafukuza na maji ya kuoshea sahani.

BIRAME: Mpaka lini?

SOUKEYNA: Mpaka tufe. Watu wataona ni ukaidi wa watani wawili wazee, watatucheka mpaka kwenye makaburi.

[Mkwaruzo mrefu.]

BIRAME: Ulilifikiria hili tangu Sarr alipokuja.

SOUKEYNA: Nilikuwa nasubiri upige. Sikujua Ndiaye anaweza kukaa mwezi mzima na ukaidi wake.

BIRAME: Nilipanda hapa paani siku nne mfululizo. Nashika simu, nashuka.

SOUKEYNA: Maskini kondoo.

BIRAME: Kwa hiyo utawaambia sijui kukata.

SOUKEYNA: Nitawaambia hujui kukata na hujawahi kujua.

BIRAME: Na watacheka.

SOUKEYNA: Watacheka kwa sababu wanajua ni uongo.

BIRAME: Ndiyo. Wanajua ni uongo.

SOUKEYNA: Birame—

BIRAME: Usiniite Birame! Ukianza kuniita Birame nitashuka hapa nikalie kwenye duka langu. Niite Ndiaye. Na Jumamosi usinionee huruma hata chembe. Nitukane vibaya. Watu wakiona huruma wataangalia mkono.

SOUKEYNA: Hawataona huruma.

BIRAME: Jaribu nisikie.

SOUKEYNA: Sasa hivi? Nina mteja kwenye chumba cha kujaribia, na suruali moja mguuni.

BIRAME: Avae polepole. Jaribu. Halafu fanya haraka, salio la mke wangu linaisha, limeshalia mara mbili.

SOUKEYNA: Haya. [anakohoa] Ngojeni! Nani kampa Ndiaye mkasi? Huyu? Huyu na mikono yake hii, mikono iliyo— iliyoni—

BIRAME: Umelia.

SOUKEYNA: Sijalia. Ni mtandao.

BIRAME: Jukwaani hakuna mtandao wa kusingizia, Diop. Anza tena.

SOUKEYNA: Subiri nipenge kamasi.

BIRAME: Penga.

SOUKEYNA: Haya. Ngojeni! Ngojeni, jamani! Nani kampa Ndiaye mkasi? Tangu lini mla wali akajua bazini? Ondoka hapo, wewe! Mikono ya kubebea sinia hiyo, mikono ya kuiba nyama ya jirani, leo inataka kukatia watu wa heshima kanzu? Lete hapa! Lete, nimesema! Babu yako alimshonea babu yangu shuka likatoka na mikono mitatu, na wewe unataka—

[Simu inakatika.]

BIRAME: Haloo? Diop? ... Haloo? ... Hivyohivyo, mtani. Hivyohivyo.