Katembo Wawili, Mstari Mmoja

Ijumaa, 28 Novemba 2025
Kwa Siméon Katembo

Leo saa nane mchana, shifti ya asubuhi itakapokwisha, Siméon Katembo anastaafu baada ya miaka kumi na tisa na miezi minane katika kiwanda chetu cha kufulia shuka za hospitali hapa ugenini, Wetherill Park. Alianza Machi 2006. Wainaina, msimamizi wetu, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nina mwandiko mzuri na namfahamu mzee kuliko wengine. Kuhusu mwandiko hakukosea.

Siméon aliwekwa kwanza kwenye kuchambua nguo chafu, mahali ambapo wengi huomba kuhamishwa kabla wiki haijaisha. Yeye alikaa miaka minne. Humo ndani ya shuka alikuta miwani, meno ya bandia, simu, na siku moja pete ya ndoa ya bibi mmoja aliyekuwa amelazwa. Aliifunga kwenye karatasi, akaandika namba ya toroli na siku, akaipeleka ofisini. Kadi ya shukrani aliyotumiwa na yule bibi bado imebandikwa juu ya sinki la chumba cha chai, na sasa maandishi yake yamefifia kwa mvuke. Baadaye alihamia kwenye mashine kubwa ya kunyoosha shuka, akawafundisha karibu sisi sote. Katika miaka yote hiyo alichelewa mara moja tu, siku gari la Révérien, mwenzetu anayempa lifti, lilipozimika njiani kutoka St Marys anakokaa. Alifika kwa miguu, akichechemea, akaomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja mpaka tukamwambia inatosha.

Wageni katika kiwanda huuliza kwa nini fulana na mashati ya kazi ya Siméon yanambana mabegani. Hilo linahitaji maelezo.

Katika kabila lao la Wanande, Katembo ni jina la mtoto wa kiume wa tano. Mama akizaa mvulana wa tano, jina linamsubiri. Kwa hiyo Katembo ni wengi, na hawana undugu. Mwaka 2008 aliingia hapa Katembo wa pili, Lazare, mume wangu, ambaye tulimzika Februari mwaka jana. Siméon ni mrefu na mpana. Lazare alikuwa mfupi. Waliitana "majina", kama tunavyomwita kwetu mtu mwenye jina kama lako, na mimi Siméon aliniita bibi wa majina.

Stoo haikuwahi kuwatofautisha. Viatu vya kazi vya Siméon vilikuja kwa Lazare, na Lazare akavivaa nusu siku akitembea kama bata kabla hajakubali kuvirudisha. Mashati yote yalishonwa neno moja kifuani, KATEMBO, na yakifuliwa yalirudi kwenye rundo moja. Wainaina akiita kwenye spika, "Katembo, ofisini," walikwenda wote wawili.

"Mimi nilitaka mmoja tu," Wainaina alikuwa akisema.

"Chagua, bosi," Siméon alijibu. "Sisi ni wale wale."

"Chukua huyu mrefu," Lazare alisema. "Mimi niko na kazi."

Kabla ya yote haya walikuwa askari kule nyumbani. Mwaka 1978, katika vita vya Shaba, wote wawili wakiwa na miaka kumi na tisa, walijeruhiwa asubuhi moja na kombora moja. Siméon aliumia paja la kushoto. Lazare aliumia chini ya kwapa, mbavu mbili. Walipakiwa kwenye lori moja mpaka hospitali ya jeshi. Siméon anachechemea tangu siku ile. Lazare alikuwa na kovu ambalo nililijua mimi na daktari.

Mwaka 2022 habari ilitufikia kwamba kule nyumbani askari wa zamani waliojeruhiwa wanaweza kuomba nishani ya majeruhi wa vita. Siméon aliomba. Hakuwa na kadi ya jeshi wala cheti cha hospitali. Vyote vilibaki ndani ya nyumba siku alipokimbia na watoto. Jibu lilichukua miezi saba. Daftari za kikosi chao zilipotea zamani, waliandika, lakini imebaki karatasi moja ya hospitali, na nakala yake hii hapa.

Nimeishika karatasi hiyo mara nyingi. Ina majina ya walioshushwa kutoka kwenye malori, kwa mfuatano. Katikati pameandikwa: Katembo, askari, majeruhi. Chini yake, maneno yale yale: Katembo, askari, majeruhi. Na huo mstari wa pili umefutwa kwa kalamu. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo hakukuwa na Siméon wala Lazare. Karani hakuwa Mnande. Aliona ameandika mtu mmoja mara mbili, akajisahihisha.

Ofisi ilisema inaweza kumtambua Katembo mmoja, yule wa mstari wa kwanza. Walitaka ushahidi wa mtu aliyekuwepo, aseme ni Katembo yupi aliyeshushwa mwanzo.

Tuliandika ushahidi huo nyumbani kwetu, Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilishika kalamu. Niliuliza, "Nani alishushwa wa kwanza?"

"Huyu," Lazare alisema. "Andika."

"Majina, usidanganye mbele ya bibi yako."

"Nadanganya nini? Ulikuwa unalia kama mbuzi. Walikushusha upesi wapate kimya."

Wakacheka. Mimi niliandika, Lazare akatia sahihi, nami nikaandika jina langu chini kama mwandishi wa maneno hayo.

Siméon alipoondoka nilimuuliza mume wangu, na wewe je? Alisema, "Mimi kovu langu liko ndani ya shati. Yeye watu wanamwona anachechemea, wanadhani ni uzee tu."

Sikuridhika na jibu hilo, na sijaridhika nalo mpaka leo. Wasifu wa mstaafu haupaswi kuwa na wivu ndani yake, lakini huu unao, na Siméon anajua. Lazare alikufa kabla nishani haijafika. Ilifika Agosti mwaka huu, ndani ya kijisanduku chenye neno moja juu yake, KATEMBO. Chibalonza, mke wa Siméon, aliiweka kwenye kabati la kioo, kati ya picha ya harusi na vikombe vya wageni. Nikienda kwao huchagua kiti kinachotazama dirisha. Mwezi uliopita Chibalonza alilalamika kwamba kuanzia Jumatatu ijayo atakuwa na mwanamume jikoni siku nzima, anafunua masufuria na kuuliza kama chumvi imetosha. Wanawake wote mezani walimwonea huruma. Mimi nilikunywa chai yangu. Ningependa sana kulalamika hivyo.

Na kuna haya mashati. Lazare alipofariki, hakuna aliyeyatoa mashati yake kwenye rundo, kwa kuwa yalikuwa na jina la mtu ambaye bado anafanya kazi. Siméon amekuwa akiyavaa. Moja lina kifungo cha pili nilichokishona mimi kwa uzi wa buluu siku nilipokosa mweupe. Nimekuwa nikikiona kifungo kile kikipita upande wa pili wa mashine, kwenye kifua kisicho chake.

Wiki iliyopita nilihitaji tarehe za kuandika hapa. Siméon aliniletea karatasi zake zote ndani ya mfuko wa mkate. Nilizipekua nikiwa kazini, kwenye mashine, jambo ambalo yeye mwenyewe alitukataza. Kati yake nilikuta nakala ya barua ya tarehe 9 Septemba, ambayo Siméon aliitamka na binti yake Bénie akaiandika, kwenda ofisi ile ile. Inasema hivi: "Aliyeshushwa wa kwanza ni Lazare. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Mstari wa kwanza ni wake, na mimi ndiye niliyefutwa. Naomba nishani ihesabiwe kuwa ya Lazare, apewe mke wake, na ombi langu lianze upya."

Niliisoma mara mbili. Médiatrice, aliyekuwa upande wa pili wa mashine, aliniita, "Mama Emérance, shuka inaburuta chini." Ilikuwa inaburuta kweli. Tulilazimika kuirudisha kufuliwa.

Wakati wa chai nilimfuata. "Shemeji, nani alishushwa wa kwanza?"

"Lazare."

"Lazare alisema ni wewe."

"Lazare alikuwa amezimia. Angejuaje?"

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilisema. Nilimwambia asidanganye mbele yako. Alinikanyaga chini ya meza." Akaupapasa mguu wa kulia. "Mguu mzima. Alijua kuchagua."

Kwa hiyo kulikuwa na mazungumzo mengine chini ya meza yangu, ya miguu, nami juu yake niliandika kwa mwandiko mzuri nisiyasikie. Nimeishi na Lazare miaka thelathini na moja. Nilijua anapenda chai yenye tangawizi nyingi, na kwamba hufunga viatu akianza na wa kushoto. Kwamba alizimia ndani ya lori lile, hilo alilijua Siméon. Nilikuwa nikimwonea Siméon wivu kwa sababu ya nishani. Siku hiyo wivu uliongezeka, ukawa wa kuwaonea wote wawili: wanaume wawili, kila mmoja akisisitiza kwamba aliyefutwa ni yeye.

Jumanne wiki hii ofisi ilijibu. Wamesema ushahidi wa marehemu unabaki kama ulivyo, isipokuwa yule aliyeuandika, ambaye jina lake liko chini, akiamua kuuondoa. Wamenitumia karatasi ya kutia sahihi. Nikitia, nishani inahamia kwangu, na Siméon anarudi kuwa mtu asiye na kumbukumbu yoyote ya maandishi, akiwa na miaka sitini na sita, mguu unaochechemea, na barua za kuanza upya.

Alipoisikia alisema tu, "Tia, bibi wa majina. Mimi nimezoea kungoja."

Nimeilalia karatasi hiyo siku tatu. Sikuificha tamaa yangu, hata kwa Chibalonza, ambaye alikwisha kuitoa nishani kabatini na kuifunga kwenye kitambaa safi ili nije kuichukua. Alinipa mkononi. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Nilimrudishia.

Sitatia sahihi. Lazare alisema uongo, najua sasa, lakini aliusema akijua anachokifanya, nami niliuandika kwa mkono wangu. Karani mmoja alikwisha kulifuta jina la Katembo mara moja. Mimi sitakuwa wa pili.

Kwa hiyo leo nishani italala juu ya meza karibu na keki, na Siméon ameomba Wainaina akiitangaza atamke jina moja tu, Katembo, bila kuongeza lingine. Atakayeuliza ni yupi, aelekezwe kwenye karatasi hii.

Siméon, kiwanda kinakushukuru kwa pete ya yule bibi, kwa wote uliowafundisha kushika pembe za shuka, na kwa miaka kumi na tisa ya kufika kabla yetu. Upumzike vizuri. Mguu uuweke juu ya kiti bila kuona haya. Chibalonza akikufukuza jikoni, toka, lakini rudi baada ya muda kidogo. Atasema hataki, usimwamini.

Sheria ya stoo inasema leo urudishe mashati yote. Rudisha yote isipokuwa lile lenye kifungo cha uzi wa buluu. Hilo nipe mimi.

Na huko mtaani, sokoni au kanisani, mtu akiita Katembo, itika kama ulivyozoea. Kisha utukumbuke.

Emérance
Upande wa pili wa mashine