Ukurasa wa Mwisho wa Dada Haimanti

Baraza la nyumba ya Haimanti Lahiri, kaskazini mwa Kolkata, limekaliwa na watu wengi kuliko kiti chochote cha jumba la muziki, na halijawahi kudai tiketi. Kila jioni hulikalia watatu walewale: Ghontu, mstaafu wa posta mwenye sauti ya kengele, Lyancha, aliyepewa jina la kile kitamutamu kirefu, kinene, cha shira kwa sababu ya umbo lake, na Boku, msemaji wa nadra, ila akisema, ukweli hukimbilia uchochoroni. Chai ni ya Malati, mwenye jiko lake kando ya mtaro, na vikombe ni vya udongo: ukimaliza, unavunjia chako mtaroni. Ghorofani, dirisha wazi, Haimanti, mtunzi wa muziki, kashika penseli. Miaka thelathini hawa wamemwibia utulivu, na mwaka huu kalipiza kisasi: kawaandikia muziki wa okestra nzima, bila kuwaambia. Ghontu ni tarumbeta, Lyancha ni fidla, Boku ni zumari nene. Kesho ni mazoezi ya mwisho, na ukurasa wa mwisho ungali mweupe. Kiongozi wa okestra amemwambia, kwa ile adabu ya watu wa jumbani, kwamba ukurasa usipofika leo watapiga kitu cha marehemu fulani wa Ulaya. Marehemu hachelewi.

Ghontu: Mimi nasema Dada Haimanti alikosea kuacha sinema. Sinema ndiyo kazi! Mwongozaji anakwambia, dada, hapa mama anakufa, nataka watu walie. Dada anaweka filimbi mbili tu, ukumbi mzima pua zinavuja. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lyancha: Hiyo inaingiaje hapo?

Ghontu: Kuna mwana, kuna kulia. Unataka nini tena?

Lyancha: Acha zako. Kazi yake hasa ilikuwa jukwaani, na lile kundi la maigizo la kuzunguka vijijini. Mfalme kasahau maneno, kasimama kama nguzo ya umeme. Dada Haimanti kule nyuma akawakonyeza wa matoazi, paaa! Mfalme akaruka juu, watu wakadhani ndiyo ushindi wenyewe. Makofi mpaka kulipokucha!

Ghontu: Mpaka kulipokucha?

Lyancha: Basi mpaka walipochoka. Mbona unanibana kama karani?

Ghorofani Haimanti alitikisa kichwa. Hakumkonyeza mtu, mpiga matoazi alipiga chafya. Lakini hakukanusha siku ile, na leo si siku ya kuanza. Nusu ya sifa za mtunzi ni chafya za watu wengine.

Boku akakohoa. Wenzake wakanyamaza, maana kikohozi kile wanakijua.

Boku: Ninyi hamjui kitu. Aliacha sinema kwa sababu ya samaki.

Malati: Haya, tramu imeacha reli.

Boku: Mama Malati, we mimina chai, usimimine shaka. Ile filamu ya mashua, fidla zake walizipigia ukingoni mwa mto. Samaki wa hilsa, wanaosubiri masika, wakapanda mto kabla ya mvua. Wenyewe! Wakubwa wakashtuka: huyu akiandika siku ana hasira, si bahari yote itahamia mjini? Ndipo wakamwambia, mama, ingia jumbani, kuta nene, muziki hautatoroka. Samaki mkunje angali mbichi.

Ghontu: Hapo sawa.

Lyancha: Umekubali kamba hizo?

Ghontu: Nimekubali methali. Samaki sijamkubali.

Haimanti alicheka, kisha akautazama ukurasa, kicheko kikakatika. Miisho alikuwa nayo tele. Wa sinema, unaowaminya watu machozi. Wa jukwaani, unaopiga kelele ili usiulizwe maswali. Wa jumbani, unaofifia polepole ili wasikilizaji wajione wana akili. Yote ameshaijaribu, na yote ilikuwa inajifanya.

Hapo chini akatokea mwanamke amebeba sanduku jeusi refu. Alikuwa Shreyoshi wa okestra, ametumwa kuufuata ukurasa.

Shreyoshi: Shikamooni, wajomba. Kwa Dada Haimanti ni hapa?

Ghontu: Marahaba, ndipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Humo sandukuni mna nini, bunduki?

Shreyoshi: Mna mjomba Boku.

Boku akainama kulikagua sanduku.

Shreyoshi: Kumbe hakuwaambia? Kawatungia muziki. Mimi napiga zumari nene, ndimi Boku: nasubiri wote wanyamaze, kisha naingia na uongo mkubwa.

Boku: Uongo?

Lyancha: Tulia, muziki hausemi uongo. Na mimi Lyancha je?

Shreyoshi: Wewe fidla, mjomba.

Lyancha: Ile kubwa au ile ndogo?

Ghontu: Bwana wee, na tumbo hilo unauliza!

Shreyoshi: Ila muziki umekatikia njiani, hauna mwisho. Hebu niambieni ninyi wenyewe. Mabishano yenu huwa yanaishaje? Nani hushinda?

Kila mmoja akajinyooshea kidole. Miaka thelathini kila mmoja amerudi nyumbani mshindi, na hakuna aliyewahi kushindwa. Haimanti akasogea dirishani.

Malati akaipindua birika.

Malati: Chai imekwisha, jamani.

Ghontu akamaliza yake, akatupa kikombe mtaroni. Paa. Akainuka kashika goti, akaenda zake. Lyancha akafuata: paa. Hakuna aliyeaga, hapa hapaagwi. Boku alikuwa kabakiza funda moja, kama siku zote. Akalinywa, akampa mgeni kikombe.

Boku: Vunja wewe, si ndiwe mimi?

Shreyoshi ni mtu wa chuo; hapigi kitu bila maelekezo.

Shreyoshi: Kwa nguvu au taratibu, mjomba?

Boku: Kama mtu aliyeshiba.

Kikombe kikaanguka. Ghorofani Haimanti akaandika kwenye ule ukurasa mweupe vikombe vitatu vya udongo, vya kuvunjwa, na chini ya kile cha tatu, pale watunzi wenzake wanapoweka neno la Kiitaliano la kumwelekeza mpigaji, akaandika: kama mtu aliyeshiba.