Gisbert Thielen na Divai Zilizokuwa Zake

Imesemwa hapa Ellersbach, na imesemwa hata mlangoni mwa kanisa hili, kwamba divai za miaka mitatu ya mwisho za marehemu Gisbert Thielen hazikuwa zake. Zilikuwa zake. Familia inaomba jambo hilo lieleweke kabla ya mengine.

Gisbert alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949 hapa hapa kijijini, kando ya mto Mosel, mtoto wa pili wa Matthias na Klara Thielen. Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa na hakukaa chini tena. Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha kilimo cha mizabibu, Trier, alikohitimu mwaka 1969.

Alishika shamba la baba yake mwaka 1972. Zama hizo bonde zima lilitengeneza divai tamu, kwa sababu baridi yetu huziacha zabibu na ukali, na sukari huuficha. Yeye aliiacha divai ichachuke mpaka sukari yote iishe, ndiyo divai iitwayo kavu, ili harufu ya zabibu isimame peke yake.

"Utawavunja meno wateja wangu," baba yake alimwambia.

"Meno wanayo, baba. Waache wayatumie."

Kazi hiyo haimpi mtu raha. Katika baridi hamira inayoila sukari husinzia, na pipa likiacha kutokota na kunyamaza kabla ya wakati, utamu hubaki. Kwa hiyo tangu Oktoba hadi Machi, kila mwaka, Gisbert alizunguka ghalani akitega sikio kwenye pipa moja baada ya jingine.

Alimwoa Roswitha Dahm, mwalimu, tarehe 14 Januari 1978. Siku hiyo ya harusi aliondoka mezani mara tatu kwenda kusikiliza mapipa. Mara ya tatu alirudi akachukua blanketi la sufu walilozawadiwa, akaenda kulifunika pipa lililopoa.

"Kumbe mwanangu kaolewa mke wa pili," alisema mama mkwe wake, "na mke mkubwa ni wa mbao."

Blanketi lilirudi chumbani Aprili, likinuka hamira.

Machi 2021 Gisbert aliugua homa kwa siku kumi na moja. Homa ilipoondoka, iliondoka na uwezo wake wa kunusa, na haukurudi. Ni kweli kwamba tangu hapo mkewe ndiye aliyenusa. Jirani yetu Alwin alimuuliza mbele ya watu, "Gisbert, siku hizi unatumia pua ya kuazima?"

"Nimeazima kwa anayejua. Wewe umezaliwa na yako na haijakusaidia kitu."

Lakini kunusa si kuamua. Mkewe alinusa glasi, akasema, "Harufu ya pichi." Yeye aliuliza, "Ganda au nyama?" "Ganda." "Basi bado." Septemba 2022 mkewe, binti yao, na Alwin vilevile, walisema zabibu zivunwe. Gisbert alitafuna mbegu zake, akaziona bado mbichi, akatema, akakataa. Mawingu yalikuwa yametanda, na mvua ingeziozesha zabibu. Kwa siku nane alipanda na kushuka mteremko, na nyumbani hakuna aliyekula kwa utulivu. Mvua haikunyesha. Divai ile wengi wenu mliinunua na kuisifu. Mkewe angezivuna zabibu mapema na kuiharibu.

Tangu Novemba iliyopita moyo wake ulidhoofika, akalala kitandani. Januari pipa la saba lilizubaa. Binti yake, Annegret, alishauri libaki na utamu wake. Vidole vya baba yake havikuacha kugonga ubao wa kitanda. "Hapana," alisema. "Lifunikeni." Lilifunikwa kwa blanketi lile lile.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, mkewe alileta kitandani glasi ya divai ya pipa hilo.

"Limenyamaza?"

"Limenyamaza."

"Onja."

"Kavu."

"Kavu kweli, Roswitha, au kavu ya kunifariji?"

"Kavu kweli."

Vidole vilitulia. Alifariki siku hiyo saa kumi alasiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mjane, Roswitha. Binti, Annegret, na mumewe, Jost. Na wajukuu wawili, Liesel na Korbin. Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujipa.

Divai ya pipa la saba itatoka na jina lake kwenye lebo. Mwenye shaka aionje. Mjane wake hatajibu swali lolote zaidi.