Recheli Masolwa, Msanifu wa Mabango na wa Vibao vya Njia ya Misafara

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Ziba, majirani wa Isevya na Mtendeni, na ninyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele, kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya dada yetu Recheli, na kwa kuwa kazi yake wengi mmeiona ukutani bila kujua ni ya nani, mahali panapohitaji maelezo tutaeleza taratibu, hadi hata hawa wadogo waelewe.

Marehemu Recheli Masolwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Ziba, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Igunga, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Masolwa Zablon, mkulima wa pamba na mfugaji, na mama Getruda, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian mwaka huohuo, akakua akichunga ndama pamoja na kaka zake, na tangu utotoni alipenda kuandika herufi, hata baba akamwachia kazi ya kuandika majina kwenye magunia ya pamba kwa masizi na mafuta, na majirani walipoona gunia la Masolwa linasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja, wakaanza kuleta ya kwao.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Ziba kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana mjini Tabora mwaka 1970, akamaliza mwaka 1973, na mwaka uliofuata alikwenda Dar es Salaam kusomea uchoraji na upangaji wa machapisho, masomo aliyoyahitimu mwezi Novemba 1976. Huko ndiko alikokutana na mambo yaliyomshika maisha yake yote. Mwalimu wao alikuwa akifunga mapazia na kuwaonyesha ukutani picha za wachoraji wa Ulaya wa miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, waliovunja umbo la gitaa na sura ya mtu vipande vipande ili jicho lione pande zote kwa mara moja, na wengine waliobakiza mistari iliyonyooka na rangi tatu tu, nyekundu, njano na bluu, na wengine waliokata magazeti kwa mkasi na kuyabandika ovyo kwa makusudi ili kuwakejeli wakubwa waliowaingiza watu vitani. Akawaeleza pia habari za shule moja ya Ujerumani iliyoitwa Bauhaus, ambako seremala, mfinyanzi, mfumaji na mpanga herufi walifundishwa pamoja, na kuambiwa kwamba kitu kizuri ni kile kinachofanya kazi yake bila mapambo ya kukificha. Recheli aliporudi nyumbani likizo alimweleza mama yake jambo hilo jikoni, na mama, akiwa anakoroga ugali, akamjibu, "Sasa hilo nalo mpaka likafuatwe Ulaya? Mwiko wangu huu una maua wapi?" Recheli alilisimulia jibu hilo mpaka uzeeni, akasema ndiyo siku aliyoacha kuyaona masomo yake kuwa ni mambo ya wageni.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa mjini Tabora, akiwa mwanamke wa kwanza katika chumba cha kupangia kurasa, na akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Aliyempokea ni mpanga herufi Idrisa, mwenyeji wa Mtendeni, ambaye leo amekaa nasi hapa, na ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa msomaji wake wa kwanza na mtani wake wa kudumu. Kabla ya Recheli, bango lililotoka kiwandani hapo lilikuwa na maua pembe zote nne, aina tano za herufi na maneno hadi ukingoni, naye akaanza kupunguza, aina moja ya herufi, safu zilizonyooka, na nafasi nyeupe ya kutosha. Mwaka 1988 alipewa bango la chanjo ya surua la kupelekwa vijijini, akachora duara moja kubwa jekundu, chini yake maneno manne, "Surua inaua. Leta mtoto," kisha tarehe, na sehemu yote iliyobaki akaiacha nyeupe. Meneja aliligeuza mbele na nyuma, akasema, "Recheli, karatasi tumenunua nzima, mbona umetumia robo?" Recheli akamjibu kwa adabu kwamba jicho nalo linataka mahali pa kukaa, na Idrisa akadakia kutoka kwenye meza yake, "Mwachie, mzee, hata sahani ya pilau haijazwi mpaka kwenye ukingo." Likachapwa hivyo.

Mwezi mmoja baadaye alikwenda Ziba kusalimia, akapita zahanati kuona bango lake, akakuta ile nafasi nyeupe imejaa. Mmoja ameandika kwamba dume lake jeusi lenye pembe iliyokatika limepotea, mwingine ametangaza harusi, mwingine anauza baiskeli, na mmoja kwa Kisukuma amewataka vijana wa kwaya wasichelewe mazoezi. Shangazi yake alimkuta amesimama pale, akampongeza kwa moyo mweupe kabisa, "Umefanya vizuri kutuachia nafasi, mwanangu, ila siku nyingine mtuletee na kalamu." Recheli aliumia sana, hadi muuguzi wa zahanati alipomweleza kwamba hakuna tangazo lililowahi kusomwa kama lile, kwa sababu kila anayepita alisimama kutafuta habari za kijiji, na kwa kusimama huko akaiona na tarehe ya chanjo, na akina mama walifika wengi kuliko mwaka uliotangulia. Aliporudi mjini alimsimulia Idrisa, wakacheka hadi wakafuta machozi, na tangu hapo mabango yake ya vijijini yakawa na mistari chini ya kuandikia watu wenyewe.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa takatifu na Gerson, karani wa reli hapa Tabora, mtu mpole aliyependa kusema kwamba nyumbani kwake hata ratiba ya kuosha vyombo imepangwa kwa safu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Agnetha aliyezaliwa mwaka 1982, na Damas aliyezaliwa mwaka 1986, na wajukuu watatu. Gerson alifariki dunia mwaka 2011, na marehemu akabaki katika nyumba yao ya Isevya, akifundisha watoto wa jirani kuchora kila Jumamosi barazani, bila kumwambia hata mmoja kwamba amekosea kabla hajamuuliza alikusudia nini.

Agnetha alifuata kazi ya mama yake, akaisomea Dar es Salaam kwa kompyuta, lakini akaja na mambo mengine. Watoto, tuwaeleze hivi: baada ya wale waliopenda mistari iliyonyooka, walikuja wengine waliosema kwamba dunia haijanyooka kiasi hicho, na kwamba unadhifu mwingi huficha watu, wakaanza kuchanganya tena cha zamani na kipya, kupandanisha picha juu ya picha, kuacha herufi ziiname na zigongane, na kuruhusu utani ndani ya kazi. Wasomi huwaita wale wa kwanza wanausasa na hawa wa pili wanausasaleo, na ndani ya nyumba moja ya Isevya tulikuwa nao wote wawili, wakila meza moja.

Mwaka 2022 kamati ya watu wa mji ilimwomba marehemu asanifu vibao vya kuwekwa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita hapa kwenda Ujiji, naye akamwita Agnetha amsaidie. Marehemu alitengeneza kibao cheupe chenye mstari mmoja mweusi, jina la mahali, umbali, na sentensi mbili. Agnetha akatengeneza cha kwake, chenye mpagazi aliyeundwa kwa vipande vya kaniki, pembe za ndovu, minyororo, na maandishi ya zamani yaliyopandana. Tunayataja yaliyofuata kwa sababu Agnetha mwenyewe ametaka yatajwe. "Mama," alisema mbele ya kamati, "njia yako imenyooka mno, waliopita hapa na mizigo begani, na wengine shingoni wamefungwa, hawakuiona hivi." Mama akamuuliza ni nani atakayesoma fujo ile saa nane ya mchana, jua utosini, yuko juu ya bodaboda. "Anayetaka kusimama atasimama." "Na asiyetaka?" "Huyo hata chako hatakisoma." Watu walicheka, ila marehemu hakucheka, akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia hata mwanafunzi wa barazani, "Hiyo si kazi, hilo ni kapu la taka." Kamati ikachagua kibao cha mama, na Agnetha akarudi Dar es Salaam kwa gari la kesho yake.

Hawakununiana, walipigiana simu kila Jumapili, wakaulizana afya na mvua, lakini kila Agnetha alipomtumia kazi yake aione, mama alijibu, "Nzuri, mwanangu." Waliofanya kazi na Recheli wanajua uzito wa jibu hilo, maana yeye aliyemthamini alimkosoa, mstari kwa mstari, hadi jasho limtoke, na neno "nzuri" aliwapa wateja wenye haraka. Agnetha alimwambia Damas, "Bora anitukane. Huyu ameshanitoa kwenye meza."

Mwezi Novemba 2023 marehemu alimwomba Damas ampeleke kuangalia mahali vibao vitakaposimama, akashuka kwenye gari kila kituo, akajaribu kuandika zile sentensi mbili kuhusu waliopita pale, akafuta, akaandika, akafuta tena, na kwenye kituo cha mwisho akamwambia Damas, "Nimeiosha mno hii njia." Kesho yake alikwenda kwenye kamati, akakiondoa kibao chake, akawaomba wachukue cha binti yake. Agnetha alipopata habari alipiga simu kuuliza mama amekionaje, naye akajibu tu, "Endelea," na Agnetha akaendelea kwa miezi mitatu bila kujua kama amepewa kazi kwa haki au kwa huruma.

Tarehe 3 Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini hapa Tabora, mkono wa kulia ukiwa hauna nguvu na ulimi mzito. Agnetha alifika siku ya pili, na baada ya wiki mbili, mama alipoanza kukaa, akamwekea prufu, yaani nakala ya majaribio, ya kibao cha kwanza juu ya magoti. Damas alikuwepo. Marehemu aliiangalia, akaomba penseli kwa ishara, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata. Jina la mahali lilikuwa limejificha katikati ya vipande, akalizungushia na kuchora mshale wa kulipeleka juu peke yake, na kwa maneno yaliyotoka moja moja akasema, "Mgeni ajue kwanza yuko wapi. Halafu mchanganye." Akakata herufi mbili zilizogongana mahali pasipo na sababu, akasogeza mguu wa mpagazi, akataka na pambizo lililokuwa kijivu liwe jekundu. Agnetha alianza kulia, kisha akaacha kulia akaanza kubisha, "Mguu sawa, lakini nyekundu hapana, Mama, nyekundu itapiga kelele," na mama akagonga penseli kitandani kusema ndiyo, ipige, na sauti ikapanda hadi muuguzi akaja na kuwauliza kama pale ni wodini au sokoni.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 1 Machi 2024, Agnetha akahamia Isevya kumuuguza, na kwa mwaka mmoja na zaidi vibao vyote kumi na viwili vilipita juu ya magoti yale, hakuna hata kimoja kilichoambiwa ni kizuri. Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika, akapata homa ya mapafu, akalazwa tena, na siku ya Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na watoto wake wote wawili, Bwana akamchukua, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa waliovumilia ubishi wa wodini, na waliomfanyisha mazoezi ya viungo yaliyomrudishia mkono kiasi cha kushika kikombe. Tunawashukuru majirani wa Isevya waliopika, waliochota maji na kulala nasi chini siku hizi zote, Wakristo na Waislamu bila kujali, Mchungaji na kwaya, wenzake wa kiwandani wakiongozwa na Mzee Idrisa, pamoja na kamati ya vibao, iliyosubiri bila kunung'unika. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, mtusamehe, na Mungu awalipe.

Kibao cha kwanza kitasimikwa Jumamosi tarehe 5 Julai, na nyote mnakaribishwa. Agnetha ametuomba tumwambie mama yake, hapa, mbele yenu, kwamba jina la mahali limekwenda juu na limekaa peke yake, mguu umesogezwa, zile herufi mbili zimeachana, ila pambizo ni la kijivu, nyekundu amekataa, na haoni kama amekosea.

Pumzika kwa amani, Recheli, hilo la pambizo tutaendelea kulibishania sisi.