Mkasi Uliofumbwa Hautakasiki

Nyamazeni, wanangu, nyote watatu, mwingie humu ndani kwa utaratibu mliozaliwa, mkae pale ambapo macho yangu yatawafikia bila shingo kugeuka, kwa maana nguvu ya kugeuza shingo sina, na ile iliyobaki nimeiwekea kazi nyingine. Yote mliyotupiana ukumbini nimeyasikia. Nimemsikia kifungua mimba wangu, mkaguzi wa majengo, akifoka, "Umemfungia mama ndani kama mzigo wa stoo!" Nimemsikia kitinda mimba wangu, mwoka mikate, akijibu, "Na nyumba hii utaiona kwenye picha, kaka!" Na nimemsikia binti yangu wa katikati, mwalimu na kiongozi wa maombi, akiwapita wote kwa sauti: "Roho ameshanionyesha nani mwizi humu!" Nina hasira. Msiniambie nitulie eti hasira itaniua. Kinachoniua mnakijua, nacho hakikuingojea hasira.

Naanza na mali, ili asiwepo wa kunisikiliza kwa sikio moja huku la pili likisubiri kutajwa jina. Nyumba hii ni yenu watatu kwa sehemu sawa, wala haiuzwi maadamu mmoja wenu anataka kulala ndani yake. Cherehani ni ya binti. Saa ya ukutani ya baba yenu aichukue mkubwa, na meza kubwa ya jikoni ni ya mwoka mikate, ambaye ndiye pekee anayejua kuisugua. Mali imekwisha. Mnaona ilivyo fupi? Na kwa kitu kifupi namna hiyo mmetaka kuraruana.

Kazi iliyowasomesha mnaijua. Nilikuwa msimamizi wa vyombo katika chumba cha upasuaji, nikivitakasa kwa mashine ya mvuke, na madaktari waliniita Mama Mvuke, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu nilichemka upesi. Kanuni yangu ilikuwa moja: chenye shaka hakitumiki. Mkasi ukidhaniwa tu kuwa umegusa ukingo wa meza, haumgusi mgonjwa. Daktari mkuu aliwahi kuninyooshea kiganja huku tumbo la mtu liko wazi, akanguruma, "Nipe huo huo, mama, unanichelewesha!" nikamjibu, "Chelewa, daktari, lakini huu hupati." Ninyi mlikua mkiisikia kanuni hiyo mezani, mkaichezea, mkaiimba. Kisha mlipokuwa watu wazima mkaiondoa kwenye vyombo, mkaigeuzia watu. Mkimshuku mtu, kwenu huyo amekwisha kuwa mchafu.

Twende hatua kwa hatua juu ya kitasa hiki mnachogombania, maana uongo hupenda kurukaruka. Kwanza, kitasa cha zamani kilitaka kuinuliwa ndipo kizungushwe, na siku vidole vyangu vilipokataa nilibaki barazani, nimelowa mvua, nguo nilizoanua zimenilemea mikononi, mlango wangu mwenyewe ukinitazama. Pili, mimi, kwa kinywa changu, nilimwagiza seremala alete kipya. Tatu, wewe mkubwa ulikuja, ukachomeka ufunguo wako wa zamani, ukagoma. Nilikuwa kitini, humu ndani, nilisikia chuma kikikwaruza, nikasema, "Ngoja, baba, naja." Sauti yangu haikufika mlangoni. Lakini mkono wako ulikuwa umeshafika, mwanangu! Hukugonga! Mtu mzima, mwenye ngumi mbili, mbele ya mlango wa mama yake, hukugonga! Uligeuka, ukaondoka na wazo. Pale kwenye kona lilikuwa bado ni swali: mbona kitasa kimebadilishwa? Ulipofika kwako likawa jibu: mdogo wangu amenifungia nje. Mezani, mbele ya mkeo, likawa hadithi yenye mwanzo na mwisho: anaitaka nyumba. Mkeo akampelekea wifi yake, binti yangu huyu, naye akaifikisha kwenye kikundi chake cha maombi, na huko, mbele za Mungu aliyeniona nikilowa mvua, hadithi ikabatizwa, ikaitwa ufunuo.

Kazi yako ni kutafuta nyufa kwenye kuta za watu, nayo ni kazi ya heshima. Lakini hata ukutani, huandiki ufa kabla ya kuupitishia kidole. Chenye shaka hakitumiki, ndiyo. Ila chenye shaka mkononi mwako siku ile hakikuwa ndugu yako, kilikuwa ni wazo lako. Hilo ndilo lililoanguka sakafuni. Hilo ndilo ulilopaswa kuliweka kando, lisimguse mtu, mpaka lisafishwe. Nawe ukalitumia vile vile, ukampasua nalo uliyechangia naye tumbo. Na hata mkasi wenye shaka hatukuutupa jalalani. Tuliurudisha kwenye mvuke, ukarudi mezani. Nani aliwafundisha kutupa? Mtume ametuagiza tuyateke mawazo yetu, tuyalete mbele ya Kristo yakatii, kama askari aletavyo mtu aliyemkamata. Ninyi mmeyafungulia geti, mkayapa kiti, mkayachemshia chai.

Nawe binti yangu, acha kuitikia amina, zamu yako imefika. Unaomba sana, jirani wote ni mashahidi. Lakini mkasi uliofumbwa hautakasiki. Tuliipanua mikasi kabla ya kuiingiza kwenye mashine, kwa sababu uchafu hujificha pale chuma kinapokutana na chuma, na mvuke, hata ukivuma kutwa nzima, hauingii palipobanwa. Wewe uliingia kwenye maombi umebana. Hukumwambia Mungu, "Huenda nimekosea." Ulimwambia mwizi ni nani, ukamwachia Yeye kazi ya kumkamata. Hayo si maombi, mama. Ni mashtaka yanayosomwa kwa macho yaliyofumbwa.

Usitabasamu, mwoka mikate! Kitasa kipya kilikuja na funguo zake, nikakwambia uwapelekee ndugu zako. Ulijibu nini? "Wakizitaka watazifuata." Nikazichukua, nikazilaza chini ya mto wangu huu, nikangoja kuona nani atakuwa wa kwanza kuwa mtu. Tangu hapo nakusikia alfajiri ukigombana na masufuria: mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, wao ndio wenye kelele. Ni kweli unanigeuza, na Mungu akulipe kwa kila mgeuzo. Lakini kweli hiyo umeitafuna hadi imechacha kinywani. Damu mbichi huondoka kwa maji baridi. Ukiiacha ikauke, au ukiikurupukia kwa maji ya moto, hung'ang'ania kwenye meno ya chuma mpaka uikwangue. Uchungu nao ni hivyo. Uoshwe siku ile ile, na uoshwe kwa maji baridi.

Baba yenu mkubwa alizikwa akiwa hasemi na baba yenu. Kwa nini? Kwa ngazi! Alimwazimisha baba yenu ngazi, ikarudi na kipandio kimevunjika, akaamini amevunjiwa kwa dharau. Aliyekivunja ni mpaka rangi aliyetumwa na baba yenu, njiani akiirudisha, naye angelisema hilo kwa yeyote ambaye angemuuliza. Hakuuliza mtu. Kaburini ameingia na ngazi yake.

Nipeni maji... Inatosha.

Ninachowaachia ni zoea. Wazo juu ya mtu likikujia, kabla halijafika ulimini, lisimamishe: ni kweli, au nimelidhania? Ni la haki? Lina jema lolote ndani yake? Likishindwa kujibu, lipeleke kwa Bwana likiwa wazi, limepanuliwa, kisha nenda kwa mwenyewe ukamuulize. Na pale lilipotoka pasibaki patupu, maana akili iliyofagiwa ikaachwa tupu huvuta wageni wabaya zaidi. Pawekeni jema ambalo mtu huyo amewahi kukutendea. Mkubwa, ulipolazwa, nani alikuletea mkate wa moto kila asubuhi? Umesahau? Hukusahau. Uliacha tu kulifikiri, na asiyefikiriwa wema wake hugeuka adui.

Siku ya kunizika asisimame mtu kusema tulikuwa familia yenye upendo, kama bado haijawa kweli. Mungu asisingiziwe juu ya jeneza langu.

Sasa tazameni kiganja changu. Funguo ni hizi. Hazitoki kwa kunyang'anywa, zinatoka kwa swali. Mkubwa, muulize mdogo wako lile ulilotoka nalo mlangoni. Uliza kama mtu asiyelijua jibu... Hapana, hiyo ni sauti ya mkaguzi. Uliza kama kaka... Haya. Nawe mjibu, na masufuria yakae kimya... Sikusikia. Masikio yananitangulia safari. Rudia, mwanangu... Ndiyo. "Mama alilowa mvua." Ni hilo tu, wanangu. Lilikuwa fupi kiasi hicho.

Vidole havikunjuki, nikunjulieni ninyi... taratibu, usivute, binti. Mmoja wako, mmoja wa kaka yako. Shikaneni... sioni kama mmeshikana, lakini safari hii... nitadhania mema.

Bwana azilinde nia zenu mimi nisipokuwepo kufoka. Awape amani... ile isiyohitaji kushinda. Na mkija hapa, hata kama ufunguo unao mkononi... gongeni kwanza... gongeni.